Petroli ya Jina: Je, Yafaa Kulipa Zaidi?



Ukifika mjini Singida na kumwuliza mtoto wa shule mahali panapouzwa petroli, atanyosha mkono na kusema, "Sheli ile pale." Ukienda huko waweza kukuta rangi na maandishi ya kampuni nyingine kabisa, lakini mtoto hakukudanganya. Shell ni jina la kampuni moja ya Ulaya. Kwetu limekwisha kuwa jina la kila mahali penye pampu ya mafuta, kama vile merikani lilivyokuwa zamani jina la kitambaa cheupe kilichotoka Marekani, kilichochukuliwa na wapagazi kutoka pwani, kikapitishwa katika nyika ya Mgunda Mkali hata Unyanyembe. Jina la mwenye mali limemezwa na mali yenyewe.

Tumeanza na neno hilo kwa kuwa shauri letu la leo ni la majina. Mara nyingi tumewasikia madereva pale Misigiri, na vijana wa pikipiki za abiria huko Ikungi na Kiomboi, wakibishana juu ya petroli. Mmoja husema petroli ya kampuni fulani "inakaa". Mwingine huapa kwamba ile ya jirani yake huisha kama umande. Wako wanaopita vituo viwili vya karibu ili wakifikie cha tatu kwa ajili ya jina lake, na wako walio tayari kulipa zaidi. Kijana apataye riziki yake kwa kupakia abiria hanunui tangi zima, bali lita mbili au tatu kila siku, na shilingi mia juu ya kila lita ni mboga ya watoto wake. Basi yafaa tuulize: alipapo zaidi kwa ajili ya jina, hununua nini? Jawabu halionekani kwa kuitazama pampu. Yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 130, kabla motokaa yo yote haijaonekana katika nchi hizi.

Hapo kale mafuta yaliyopelekwa na wafanyabiashara katika nchi za mashariki hayakuwa petroli, bali mafuta ya taa. Kampuni ya Rockefeller, Standard Oil, iliyoundwa Marekani mwaka 1870, iliyapeleka ndani ya mikebe ya bati ya rangi ya buluu, mikebe miwili katika kila sanduku la mbao. Mfanyabiashara mmoja wa London, Marcus Samuel, alitaka kumshinda Rockefeller kwa bei. Akatengeneza meli ambayo yenyewe ilikuwa tangi la mafuta, akaiita Murex, na mwaka 1892 ikapita katika mfereji wa Suez ikielekea Singapore na Bangkok. Kwa kuwa hakulipa gharama za mikebe na masanduku kutoka mbali, alidhani atauza rahisi, na wanunuzi watakuja mbio na vyombo vyao mikononi.

Hawakuja. Watu wa huko walikuwa wamezoea kununua mafuta pamoja na mkebe wake. Mafuta yakiisha, bati liliezekea paa, likafanywa taa, ndoo, kikombe na mengine mengi. Mafuta matupu yasiyo na mkebe waliyaona ni biashara pungufu, hata kama bei yake ilikuwa ndogo. Samuel akalazimika kuanzisha kazi ya kutengeneza mikebe huko huko mashariki, akaipaka rangi nyekundu ing'aayo. Mwaka 1897 aliiita kampuni yake Shell, maana yake ganda la kombe, kwa kuwa baba yake alikuwa akiuza visanduku vilivyopambwa kwa makombe ya baharini.

Wengine huwacheka wanunuzi wale. Sisi hatuwacheki. Walilipia kitu walichoweza kukishika na kukitumia, nao walijua hesabu yao kuliko tajiri aliyekaa London.

Kwetu Afrika ya Mashariki mkebe huo uliitwa debe, neno tulilolipata kwa Wahindi wenye maduka. Debe lilichukua galoni nne za Kiingereza, yaani karibu lita 18. Lilipokwisha mafuta halikutupwa kamwe. Lilichota maji kisimani, likapima mahindi, likapikia pombe ya arusi. Hata leo katika masoko ya mkoa wetu mkulima huuza nafaka na alizeti kwa debe, na kama limejazwa kichuguu juu, yeye ndiye ajuaye uchungu wake. Kipimo hicho kimezaliwa na mkebe wa mafuta, na wengi wanaokitumia hawajapata kuliambiwa hilo.

Petroli nayo, ilipoanza kuingia nchini, ilisafiri katika madebe namna hiyo hiyo. Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam kwa motokaa mwezi wa Agosti 1907, akafika Swakopmund kwenye bahari ya magharibi mwezi wa Mei 1909, hapakuwa na pampu hata moja ya kumngojea njiani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni. Katika miaka ya 1930 ilijengwa njia ndogo kutoka Manyoni kupitia Singida hata Kinyangiri, nayo ikang'olewa katika miaka ya 1940. Kwa mwenye lori wa siku zile jina lililopigwa juu ya bati lilikuwa na kazi ya kweli. Debe lililozibwa vema lilimwambia kwamba mafuta yaliyomo ni yale yale yaliyotiwa na kampuni, wala hakuna mkono uliopita katikati. Debe lililofunguliwa halikumwambia neno. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Sasa tuitazame petroli yenyewe. Wengi hudhani kwamba petroli ya bei ya juu ina nguvu zaidi, kama uji mzito ulivyo na shibe kuliko uji mwepesi. Sivyo. Lita moja ya hii na lita moja ya ile zina moto karibu sawasawa. Tofauti iko mahali pengine.

Mfikirie dereva wa lori la kale la petroli, limebeba magunia, linatoka katika mbuga ya Wembere na kuupanda mlima wa Sekenke. Injini inatweta. Ghafula dereva anasikia sauti kama ya mtu anayegonga chuma kwa nyundo ndogo, ngo-ngo-ngo, na nguvu inapungua. Mafundi husema, "Injini inagonga." Ndani ya injini pistoni hupanda na kuubana mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, kisha cheche huuwasha, moto ukaenea kwa utaratibu na kuisukuma pistoni chini. Lakini petroli ikiwa dhaifu katika kuvumilia mbano na joto, sehemu ya mvuke ule hujiwasha yenyewe kabla moto wa cheche haujaufikia. Sehemu hiyo hulipuka kwa ghafula, na mshindo wake ndio unaosikika. Ukiendelea siku nyingi huitoboa pistoni.

Uvumilivu huo ndio unaopimwa kwa hesabu iitwayo oktani. Kipimo chenyewe kilibuniwa mwaka 1926 na mtaalamu wa Marekani, Graham Edgar. Alichukua mafuta ya namna mbili, moja yenye kuvumilia sana akaipa 100, na moja isiyovumilia akaipa 0, kisha akailinganisha kila petroli na mchanganyiko wa hizo mbili. Basi oktani si nguvu, wala si usafi. Injini iliyoundwa kubana sana huhitaji oktani ya juu. Injini ibanayo kidogo haihitaji, nayo ikipewa haina la kuifanyia. Ni kama kumvika mtu koti la baridi kali ya Ulaya adhuhuri ya Itigi.

Petroli iliyofungua njia ya bei ya juu ilitoka katika shida hiyo ya kugonga. Mwezi wa Desemba 1921 Thomas Midgley, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Motors, aligundua kwamba dawa iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ikitiwa kidogo sana katika petroli, huizuia injini isigonge. Mwezi wa Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, kwa jina la Ethyl, na bei yake ilikuwa juu ya ile ya kawaida. Ilitiwa rangi nyekundu ili mnunuzi aitambue. Wenye kuiuza walichagua jina lisilotaja risasi hata kidogo, na hapo wasomaji wetu wanaona kazi ya pili ya jina: kuficha.

Kwa maana risasi ni sumu, na jambo hilo lilijulikana tangu zamani. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, huko New Jersey, waliokuwa wakitengeneza dawa ile, walirukwa na akili na kufa. Biashara ilisimamishwa kwa muda, kisha ikaendelea, ikaenea dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne. Moshi wa magari ukaitawanya risasi hewani, nayo huingia katika damu na kudhoofisha akili za watoto. Katika nchi yetu madereva na matingo walikuwa wakiivuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, kutoka tangi hadi tangi, wakatema na kucheka. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kilichomo si harufu tu. Pale walipochagua iliyo ghali, wakiamini ndiyo iliyo bora, mara nyingi ubora wenyewe ulitoka katika sumu hiyo.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar wakapatana kuiondoa risasi, na ilipoanza mwaka 2006 nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara, pamoja na Tanzania, zilikuwa zimeacha kuiuza petroli hiyo. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa magari ya barabarani ilikuwa Aljeria, mwezi wa Julai 2021. Pampu ya leo haina risasi, na oktani hupatikana kwa njia nyingine za kusafisha na kuchanganya mafuta.

Pana habari moja ya wakati wa vita ambayo twaipenda kuisimulia, kwa kuwa ni kama jaribio lililofanywa na nchi nzima. Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliondoa majina yote ya petroli. Makampuni yakaweka mafuta yao pamoja, yakauzwa kwa namna moja na bei moja, yakaitwa petroli ya pamoja. Mambo yalikaa hivyo hata mwezi wa Februari 1953. Petroli ile ilikuwa ya oktani ndogo, na wenye magari ya fahari walinung'unika sana, bali malori yalipeleka mkate, madaktari walifika kwa wagonjwa, na mabasi yalitembea. Siku majina yaliporudi, makampuni yalirudi na kelele pia. Kila moja ilikuwa na dawa yake ya ajabu na tangazo lake, na baadaye Esso ikachora chui milia kana kwamba amelala ndani ya tangi. Ni kweli kwamba petroli ya baada ya mwaka 1953 ilikuwa bora kuliko ile ya vita. Lakini ilikuwa bora katika makampuni yote, kwa hiyo ubora ule haukumsaidia mtu kuchagua jina.

Tugeuke sasa tuitazame nchi yetu. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, Dar es Salaam. Tangu hapo sehemu kubwa ya petroli iliyouzwa nchini ilitoka katika matangi yake, kisha ikaja bara kwa majina mbalimbali: Shell, BP, Esso, Caltex, Agip. Palikuwa na petroli ya super na petroli ya kawaida, na tofauti ya hizo mbili ilikuwa ya kweli, kwa kuwa oktani zake hazikulingana. Lakini super ya jina hili na super ya jina lile mara nyingi zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Wazee wanakumbuka pia siku za dhiki, mafuta yalipopanda bei duniani, hata magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Siku zile hakuna aliyeuliza jina. Aliuliza kama yapo.

Kiwanda kile kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na petroli yote ikawa inaletwa kutoka ng'ambo ikiwa tayari. Kila kampuni iliagiza yake. Kisha Serikali ikaanzisha utaratibu wa kuagiza mafuta kwa pamoja, ulioanza kutumika kuelekea mwaka 2012, na hapo ndipo penye kiini cha shauri letu. Wafanyabiashara wa mafuta hushindanishwa kwa zabuni. Anayeshinda huleta shehena kwa meli, na makampuni mengi hugawana shehena ile ile bandarini. Basi malori mawili ya matangi yanayopandana njiani kuja Singida, moja jekundu na moja la kijani, safari ya karibu kilometa 700 kutoka Dar es Salaam, yaweza kuwa yamebeba petroli iliyovuka bahari ndani ya meli moja. Wale vijana wawili wa Ikungi wanaobishana huenda wanaisifu na kuitukana shehena moja.

Hata vibao vya vituo havidumu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba Puma Energy inanunua sehemu ya BP katika biashara ya mafuta nchini, na nusu nyingine ikabaki mali ya Serikali. Mwaka 2017 Total iliichukua Gapco, na mwaka 2021 Total yenyewe ikajiita TotalEnergies. Mafundi walikuja na ngazi na makopo ya rangi, wakapaka nguzo, wakabadili kibao. Matangi yaliyofukiwa chini ya ardhi yalibaki pale pale.

Lakini msikilizaji mwenye akili atatuuliza: "Mbona basi pikipiki yangu ilikohoa siku niliyotia mafuta mahali fulani, ikatulia nilipotia mahali pengine?" Swali hili ni la haki, nasi hatutamwambia kwamba ameota. Sisi wenyewe tulipata kusimama porini kati ya Manyoni na Itigi, muda mfupi baada ya kujaza tangi katika kituo kimoja chenye kibao kizuri kabisa. Fundi alifungua kabureta akayamwaga yaliyomo katika glasi. Chini ya glasi palikuwa na maji safi, ya kutosha kunawa uso. Meli ilileta petroli njema. Maji yaliingia baadaye.

Hapo ndipo twalirudia lile debe lililozibwa. Kati ya bandari na tangi la pikipiki mafuta hupita mikono mingi, na kila mkono waweza kuyaharibu kwa uzembe au kwa tamaa. Katika miaka ile ya karibu na 2010 tamaa ilikuwa na sababu iliyo wazi. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo sana, ili maskini apate nuru ya kibatari, hali petroli na dizeli zilitozwa kodi kubwa. Mwenye moyo mbaya aliyanunua mafuta ya taa kwa bei ya maskini, akayachanganya na dizeli au petroli, akauza kwa bei ya tajiri. Mafuta ya taa hushusha oktani, na injini hugonga. Lugha yetu ikapata neno la jambo hili, kuchakachua, nalo likapendwa hata likahamia katika kura za uchaguzi wa mwaka 2010.

Mamlaka iitwayo EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006, ilijibu kwa vinasaba. Ni dawa isiyoonekana kwa macho, ambayo tangu mwezi wa Septemba 2010 hutiwa katika mafuta yaliyolipiwa kodi kabla hayajaondoka ghalani. Mkaguzi hufika kituoni na chombo chake, akapima. Vinasaba vikipungua kuliko kiasi kilichotiwa, amejua kwamba mafuta yameongezwa kitu. Mwaka uliofuata, 2011, Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa hata ikakaribia ile ya dizeli, ili faida ya kuchakachua iondoke. Dawa hiyo ilifanya kazi, lakini aliyeinywa si aliyekuwa mgonjwa. Bibi wa kijijini aliyekuwa akinunua mafuta ya kibatari kwa kikombe alilipa gharama ya wizi asioufanya, na mwanafunzi wake akazima taa mapema. Taa za jua zilikuja baadaye kumpunguzia mzigo huo. Mwaka ule hazikuwa katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo jina lina kazi moja bado, nayo ni ile ya lakiri juu ya debe. Kampuni yenye vituo vingi ina la kupoteza ikikamatwa, na huenda kwa hofu hiyo inatunza matangi yake. Neno "huenda" tumelitia kwa makusudi. Vituo vingi vyenye kibao kikubwa huendeshwa na mtu mwingine kwa mkataba, na tabia ya mtu huyo ndiyo inayotiwa katika tangi lako. Kituo kidogo chenye mwenyewe mwaminifu hakina sababu ya kuona haya mbele ya kikubwa.

Lipo pia jambo la dawa za kusafisha, na tusilipite, maana hapo makampuni yana sehemu ya haki. Petroli iunguapo huacha utando katika mirija na vali za injini, na dawa nzuri huuondoa. TotalEnergies huiita petroli yake yenye dawa hiyo Excellium. Huko Kenya Shell huuza V-Power kwa bei iliyo juu ya petroli ya kawaida. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio mawili mwaka 2016, na majibu yake yafaa kukumbukwa pamoja. Katika jaribio la kwanza petroli isiyo na dawa ya kutosha iliacha uchafu mara 19 kuliko yenye dawa iliyokubaliwa na watengenezaji wa magari. Katika la pili, petroli ya oktani ya juu ilipotiwa katika magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, haikuongeza nguvu, haikupunguza matumizi, wala haikupunguza moshi kwa kiasi cha kuhesabika. Chama kilikadiria kwamba Wamarekani walikuwa wametupa zaidi ya dola bilioni mbili katika mwaka mmoja kwa kununua wasichohitaji. Basi dawa ya kusafisha ina faida, ambayo huonekana polepole kwa miezi. Oktani ya ziada haina faida ila kwa injini iliyoitaka.

Injini inayoitaka utaijua kwa kukisoma kitabu cha gari, au maandishi yaliyo karibu na kifuniko cha tangi. Pikipiki nyingi za abiria zilizomo mkoani hubana kiasi cha wastani, nazo ziliundwa kwa petroli ya kawaida. Tena mji wa Singida uko juu ya bahari karibu meta 1,500. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini ya namna hiyo huvuta hewa haba na kubana kidogo, nayo hugonga kwa shida zaidi huku kuliko pwani. Mtu wa Singida ana sababu ndogo ya kuitafuta oktani ya juu kuliko ndugu yake wa Tanga.

Na bei je? Tangu mwaka 2009 EWURA hutangaza bei kikomo, na siku hizi tangazo hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji peke yake kwa kuwa gharama ya kusafirisha si moja. Muuzaji ana ruhusa ya kuuza chini ya bei hiyo, si juu yake. Bei hubandikwa mbele ya kituo kwa tarakimu kubwa, na Wakala wa Vipimo hukagua pampu na kubandika alama yake. Dereva atazamaye tarakimu zile, na alama ile, na kuchukua risiti, amepata habari nyingi kuliko zilizomo katika rangi ya nguzo.

Lakini petroli ya bei kubwa kuliko zote katika mkoa wetu haina kibao wala rangi. Huuzwa kwenye meza kando ya njia, katika chupa za maji ya kunywa, mahali ambapo pampu iko mbali. Hatumlaumu muuzaji, amekwenda mbali kuifuata, na bila yeye mama mjamzito asingefikishwa hospitali usiku. Hata hivyo mnunuzi hulipa huko nyongeza kubwa kuliko yo yote iliyopata kudaiwa na kampuni. Chupa haina alama ya kipimo cha haki, na jua la mchana huzifukuza sehemu nyepesi za petroli, zile zile zinazosaidia injini kuwaka asubuhi. Anayelazimika kununua hapo, na achague chupa nyeupe iliyokaa kivulini, iliyofungwa barabara, aiache itulie juu ya meza bila kutikiswa kwa muda, kisha ainue na kuitazama chini penye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwamo, yatakuwa yamekaa kitako pale chini, na mpaka wake utaonekana kama mstari.